Paa la Mkwe

Lusweti alikuwa fundi wa vitanda. Alivipanga kando ya barabara pale Gatina, Kawangware, na wapita njia walivisifu. Mama mkwe wake, Kavetsa, alilala juu ya magunia katika kibanda cha makaa nyuma ya nyumba.

Julai ile ya 1978 ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na bibi alishapita miaka sabini. Mashemeji zake walimbomolea nyumba kule Maragoli mara tu alipofiwa na mume, akaja kwa Jentrix, mwanawe wa pekee, mke wa Lusweti.

"Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake," Lusweti alisema siku ya kwanza. "Ni mwiko. Mimi nalinda heshima yake."

Mwiko ulikuwa wa kweli; Jentrix alikua nao. Lakini mwiko huohuo unamtaka mwanamume ampishe mama mkwe njiani na asimtume kazi. Hapo Lusweti alikuwa mwepesi wa kusahau. Mchana bibi alimfulia suruali, akamchotea maji, akamzolea maranda ya mbao. Jua likitua, mwiko unaamka. Heshima gani hiyo yenye ratiba?

Wayua, jirani wao kutoka Kitui, alisikia kikohozi kikipenya mabati. "Jentrix, leta huyo mama kwangu alale. Mimi ni Mkamba, mwiko yenu hainijui."

Jentrix alitamani kukubali. Akaogopa. "Watu watasema bwanangu ameshindwa na mkwe. Tungoje baridi iishe."

Baridi haikumngoja mtu. Asubuhi moja Jentrix alipeleka uji, akamkuta mama amejikunja juu ya magunia, amekufa.

Lusweti alilia kuliko wote. Akaunda jeneza la mvule, akalipiga msasa mpaka likang'aa. Siku ya mazishi, kabla ya kwenda makaburini, akaliweka katikati ya nyumba na kulifunika kitambaa cheupe. Waumini wakajaa pamoja na mchungaji wao.

"Huyu amemtunza mkwe kweli," mmoja alinong'ona.

Jentrix alisikia. Aibu ilimshika, kwani alijua yeye pia alinyamaza. Akasimama.

"Mtoeni."

"Kuna nini, mke wangu?" Lusweti akauliza.

"Mama hakulala humu hata siku moja. Ulisema ni mwiko. Mrudisheni kwa makaa, watu wamwombee pale alikuwa analala."

Lusweti alimtazama mchungaji. Mchungaji akasogeza kiti kufungua njia. Wayua ndiye aliyeshika jeneza wa kwanza, wengine wakafuata.

Kibandani halikuenea. Kibanda kilikuwa kifupi kuliko jeneza, na ndipo watu walipoelewa kwa nini bibi alikufa amejikunja. Nusu ya jeneza ikabaki nje. Waumini wakapiga magoti kwenye vumbi la makaa, na Lusweti akakosa pa kusimama.