Ripoti ya Mstari wa Saba

"Mara arobaini, Odero. Arobaini, na yeye si kuruta tena..."

"Shemeji, subiri kwanza, nani alimwambia..."

"...choo anaingia kwa kushika ukuta, ngazi anapanda kwa matako kama mtoto..."

"...nani alimwambia achuchumae?"

"Kompyuta," Ayot akasema. "Kompyuta yako."

Mimi ni mtu wa kujitetea, uliza hizi flati zote za Bugolobi, hapa Kampala. Lakini pale mlangoni kwao, begi la safari bado liko begani, nilijua makosa ni ya nani.

Ngoja nieleze. Afande Okwir ni jirani yangu wa juu, sajenti wa polisi, miaka kumi na tisa kazini. Mwezi ule kulikuwa na ofisi mpya inafunguliwa mjini, ya kuandikisha vitu vilivyopotea, na walitaka askari watano wanaojua kuandika programu ndogo ndogo. Watu kumi na wawili waliomba. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Ukishindwa, unafuata barua yako ya uhamisho, na barua ya Okwir ilisema Kaabong, mbali kule kaskazini, kuanzia tarehe moja.

Ayot, mke wake, alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilitoka mbili. Ya kwanza Okwir alikuwa Kaabong, ya pili alikuwa Moroto. Mara zote habari zilimfikia kwa simu, na akipata ruhusa ya kurudi, wiki imeshapita. Haya hakuniambia nyumbani. Aliniambia chini, kwenye bomba la maji, huku anaangalia ndoo inavyojaa. "Omera," akasema, maana Waacholi na sisi Wajaluo tunaitana ndugu hivyo, "hii mimba mimi nataka kuwa hapa."

Nikamwambia nitamfundisha. Shahada sina, niliacha mwaka wa tatu. Yaani walinisimamisha muhula mmoja kwa sababu kompyuta zote za maabara zilianza kuandika "Mwalimu amelala", na mwalimu kweli alikuwa amelala, halafu mimi nikasahau kurudi. Lakini programu naandika.

Nikampa laptopu yangu ya zamani. Nikaweka kila kitu: juu ni mahali pa kuandika, chini ni mahali kompyuta inapojibu. Ukiandika vizuri, inafanya ulichosema. Ukikosea, inajibu kwa Kiingereza chekundu, kirefu, cha kutisha. Mimi nikaona hicho chekundu kinachosha. Kabla sijasafiri kwenda Busia kwa siku tatu, nikaongeza kitu kidogo cha utani. Kila akikosea, chini ya ule wekundu iandike: AFANDE, CHUCHUMAA MARA TANO.

Nilifikiri atacheka. Nilisahau huyu mtu alifundishwa kazi wapi. Pale depo, chuo cha polisi, ukikosea, jibu linatoka kwenye goti. Yeye hakuuliza kompyuta imejulia wapi kwamba ni afande. Aliona amri, akasukuma kiti nyuma, akachuchumaa.

Ayot akanipisha niingie. Okwir alikuwa kwenye kochi, miguu ameinyoosha juu ya stuli, taulo la maji moto kwenye magoti. Laptopu iko mapajani. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Mwalimu," akasema, "leo nimefika ishirini tu. Jana ilikuwa arobaini. Mimi naanza kuelewa."

Kuna utani unaofurahia mpaka uone sura ya mtu uliyemfanyia. Nikaketi sakafuni nikamwambia ukweli wote: ule mstari ni wangu, kompyuta haijui kuchuchumaa ni nini. Nikasema nisamehe, afande. Kwa mlango wa jikoni Ayot alisimama na mwiko, na niliona anachagua mahali pa kunipiga.

Okwir akanigeuzia skrini.

"Kwa hiyo hii kitu hapana kasirika na mimi?"

"Haina hasira. Haina chochote."

"Mimi nilifikiri imechoka na mimi."

Nikafuta ule utani palepale. Nikafikiri mambo yamekwisha, kumbe ndiyo nimeharibu. Jumatatu yote mkono wake uliogopa. Anaandika mistari miwili, anabonyeza, wekundu unatoka, anaondoa vidole kama mtu aliyegusa sufuria. Halafu anafuta kila kitu na kuanza upya. Hata hakisomi kile Kiingereza. Nikimuuliza kimesema nini, anasema, "Kimesema nimekosea." Kusoma alijua vizuri, Kiingereza pia. Lakini nani anasoma matusi yake mpaka mwisho?

Jumanne jioni tulikuwa tumefika mahali pabaya. Ayot kwenye kitanda, mlango wazi, anasikiliza. Okwir akafunga laptopu akaniambia nisijisumbue tena, Kaabong si mbaya, hewa yake ni nzuri. Chumbani kitanda kililia, Ayot amegeuka upande wa ukuta.

Nikakumbuka kitu. Nikamuuliza zamani kule kaskazini alikuwa anafanya kazi gani. Akasema redio. Miaka sita, masikio kwenye redio, anapokea ripoti za doria.

"Sasa askari akikupigia kutoka doria, akisema afande, hapa barabara imekatika, hatuwezi kupita. Huyo anakuadhibu?"

Akaniangalia kama mjinga. "Ananiadhibu kwa nini? Huyo anaripoti."

"Na wewe unafuta barabara yote unaanza kuchimba mpya?"

"Hapana. Mimi namuuliza yuko wapi, ameona nini."

"Basi fungua hiyo laptopu. Ule wekundu ni doria. Wewe ndiye mkubwa, umeituma ipite kwenye mistari yako, imekwama, inakupigia. Muulize yuko wapi."

Akafungua. Akabonyeza, wekundu ukatoka. Safari hii vidole vilibaki. Akasogeza uso, akasoma polepole, midomo inatembea.

"Anasema mstari wa saba."

"Ameona nini?"

"Anasema alitegemea nukta mbili, hapana ziona." Akaenda mstari wa saba, akaweka nukta mbili mwishoni, akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza jina lake. Akaandika Okwir. Ikaandika: Okwir, umepoteza nini?

Mtu mzima akapiga paja, akasahau goti, akaruka kwa maumivu. Chumbani Ayot akacheka. Tangu nirudi kutoka Busia nilikuwa sijamsikia akicheka.

Kuanzia hapo ikawa ni redio tupu. "Doria, nakusikia, sema." Usiku, kupitia dari yangu, nasikia hivyo. Jumatano akanipigia yeye mwenyewe, amekasirika: doria imemdanganya. Imesema mstari wa saba, na mstari wa saba ni mzuri, ameusoma mara kumi. Nikapanda ngazi nikaangalia. Mabano yalifunguliwa mstari wa sita, hayakufungwa. Nikamwambia doria haisemi uongo, lakini inasimama pale ilipokwama, sio pale shimo lilipochimbwa. Ukiona hapo pako safi, rudi nyuma hatua moja. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema hiyo anaijua, hata nyayo za mwizi zikipotea unarudi nyuma hatua moja.

Ijumaa alitoka saa moja asubuhi, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa kama kioo cha kunyolea ndevu. Mimi nilibaki na Ayot, nachambua njugu nazichambua vibaya, yeye anazichambua tena. Saa saba simu ikalia na tukaruka sote, kumbe ni dada yake anauliza bei ya simsim.

Saa tisa tukasikia viatu kwenye ngazi. Hatua moja moja, sawa, hazikimbii. Mimi nikajaribu kusoma hizo hatua nikashindwa.

Akaingia, akavua kofia, akaiweka juu ya televisheni. Halafu akatueleza, na akaeleza kama anasoma taarifa, tangu mlango wa chumba cha mtihani. Kompyuta ngeni, meza ndogo, msimamizi mwanamke hacheki. Programu yake ilikwama na wekundu ukajaa skrini. Jirani yake wa kulia, wake ulipotoka, alifuta kazi yote akaanza kulia. Yeye aliuliza kwa sauti ya chini doria iko wapi. Ilikuwa mstari wa kumi na tatu. Kumi na tatu pako safi. Akarudi kumi na mbili, akakuta mabano yamesahauliwa, akayafunga. Msimamizi akamuuliza anaongea na nani. Akasema, na askari wangu.

"Halafu?" Ayot akauliza.

"Halafu wakasoma majina matano. Mimi ni la nne. Barua ya Kaabong wameichukua, wameichana mbele yangu."

Nilimkumbatia, sare na yote, nikamkanyaga kiatu. Nikashuka mbio dukani nikaleta soda tatu baridi. Niliporudi walikuwa bado wamesimama pale pale, Okwir anatabasamu peke yake, anaongea habari ya Jumatatu, ya kumpeleka Ayot kliniki Mengo yeye mwenyewe, kila wiki, kwa mguu wake.

Nikafungua chupa. Ayot hakuchukua yake. Aliweka mkono juu ya tumbo akamwambia mume wake aketi. Akaketi. Mimi nikatafuta mlango kwa macho, lakini yeye ndiye alikuwa amesimama mbele ya mlango.

"Nimefurahi umebaki," akasema. "Kweli nimefurahi." Sauti yake haikupanda. "Lakini wale wawili, Okwir. Ulirudi, ukala, ukalala, ukarudi kazini. Hujawahi kuniambia pole. Niambie sasa."