Chini ya Gome la Mfuruanje

Mwaka 1994 nilikuwa msaidizi wa maabara mjini Moshi, kazi yangu kuchoma wadudu pini na kuwapanga kwenye masanduku, na nyumbani Kilema, juu mlimani, wote waliniita daktari. Sikuwahi kuwasahihisha. Jina lile lilikuwa tamu.

Siku moja baba mdogo Valerian akashuka na kipande cha gome alichokifunga kwenye gazeti. Kahawa yake ilikuwa inakauka, dawa ya ushirika haikuwa inakuja tena, na chini ya gome la mfuruanje, ule mti mkubwa unaoipa kahawa kivuli, alikuta vidudu bapa kama mbegu za ufuta, vyenye unga mweupe mkiani. Ukivigusa vinaruka.

"Ndio wanaonimaliza hawa?" aliuliza.

Nilipaswa kusema sijui. Lakini alinitazama kama anavyomtazama padri, nami sikutaka kushuka. "Watakuwa hao," nikasema. Kisha nikavitia vidudu kwenye spiriti na kuvituma Ulaya kwa bingwa wa kuvitambua.

Baba mdogo hakungoja jibu la Ulaya; jibu alikuwa nalo tayari, langu. Wiki ile ile alianza kukata mifuruanje yake minne. Wa nne, wa nyuma ya jiko, uligeuka wakati unaanguka, ukamlalia Sirili, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa ameshika kamba. Tulimzika hapo hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, hatua chache kutoka kwenye kisiki.

Matangani baba mdogo alinishika mkono. "Angalau mdudu tumemmaliza," akasema. Niliitikia kwa kichwa.

Barua ilifika miezi mitano baadaye. Kidudu hicho, bingwa aliandika, hakinyonyi mti hai wala kahawa. Kinaishi chini ya gome lililokufa, kinafyonza kuvu, basi. Aina yenyewe hajawahi kuiona, na hataipa jina kabla hajajua kwa hakika ilikutwa kwenye mti gani. Nilikaa na barua mfukoni majuma matatu. Niliona aibu.

Jumapili nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikapanda Kilema. Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni mtu ameuawa. Nililijua hilo vizuri, na ndiyo sababu nililibeba.

"Shikamoo, baba mdogo." Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili kabla hajaitikia. Alilipokea. Ndipo nikamsomea barua.

Mama mdogo Theopista akaacha kumenya ndizi. "Ungesema kwanza, Remigius," alisema polepole. "Ungesema, halafu ndiyo utoe isale. Umemfunga mikono."

Alisema kweli.

Baba mdogo alilitazama lile jani. Hakulitupa. "Hao Wazungu wanataka nini tena?"

"Wanauliza mti, ili wampe mdudu jina."

Aligeukia kisiki, na tuta la kaburi kando yake. "Waandikie ni mfuruanje," akasema. "Tawi nililobandua gome ndilo lilikuwa limekufa. Mti waandikie ulikuwa mzima."