Kamba za Kitsao

Kitsao hakuwa amelewa. Nalisema hili mwanzo, maana uzushi ulienea Watamu nzima kabla hata mguu wake haujatiwa plasta.

Mimi ni Ummi, nawapikia mafundi pale panapojengwa hoteli. Asubuhi ile jukwaa la miti liliachia upande mmoja, Kitsao akaporomoka kutoka kule juu alikokuwa akianza kuezeka paa la makuti, puu! Ridhwan, mwenye kandarasi, akainama akamnusa mdomo.

"Mnazi!" akapaza sauti, kila mtu asikie. "Mlevi huyu! Simtaki tena kazini."

Hebu, si angeuliza kwanza? Kitsao ni Mgiriama, na kwao paa jipya halianzwi hivi hivi. Fundi hutia funda la mnazi, ile pombe ya mnazi, kinywani, akaipulizia nguzo ya kwanza, akawaomba wazee wake waliotangulia wamlinde. Hamezi hata tone. Ridhwan ni mtu wa Mambrui, hayo hayajui, wala hakutaka kuyajua.

Jioni Kadii, mkewe Kitsao, akanijia jikoni analia.

"Dada Ummi, fundi wa paa akishaitwa mlevi, nani atampandisha tena? Watoto watakula nini?"

Moyo uliniuma, jamani. Nikaacha sufuria, nikaenda kulitazama jukwaa mwenyewe. Upande wa nyuma, unaoelekea kichakani, kamba zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Vimebaki vipande vifupi tu kwenye mafundo, kamba zenyewe hazipo. Kumbe mwizi alipita usiku!

Kesho yake Ridhwan akaja na pikapu imejaa makuti. Nikatazama shehena ilivyofungwa, nikahisi damu inanichemka. Kitsao huchovya ncha za kamba zake za jukwaa kwenye rangi nyekundu, zisichanganyike na za wenzake. Na ncha nyekundu ndizo hizo, zinaning'inia mbele yangu.

"Mwanangu Ridhwan, kamba hizi umezitoa wapi?"

"Nilinunua pale Gede juzi asubuhi... la, jana, nilipokuwa nakuja. Kwa mtu wa bodaboda. Rahisi kweli."

"Haya, shuka."

Nikamvuta mkono hadi nyuma ya jukwaa. Akavitazama vile vipande, akaitazama kamba.

"Ya Rabbi. Sikujua, Bi Ummi."

"Hukujua. Lakini kunusa ulijua!"

Tukaenda naye hospitali Malindi. Ridhwan akainama kitandani, akasema polepole sikioni mwa Kitsao, "Nisamehe, ndugu yangu. Ni mwizi alikata kamba. Kazi yako iko palepale."

Kitsao akajibu kwa upole, "Nimekusamehe, bosi. Lakini uliponiita mlevi hukuninong'oneza."

Siku ya pili yake, watu wameshika sahani za wali, Ridhwan akapanda juu ya benchi langu, akayasema yote kwa sauti ile ile. Kadii alikuwepo. Nilimwita makusudi.