Picha za Matantine wa Bénie

Siku moja kabla ya ndoa ya Bénie, Tantine Agnès alituma habari kutoka kwake, mtaa wa Kenya, kwamba haji. Pale Kamalondo, mtaa wa bibi harusi, visu viliacha kukata vitunguu. Yeye ndiye dada mkubwa wa baba ya Bénie, na kwao bibi harusi hatoki mlangoni bila kushikwa mkono na dada huyo. Asingekuja, Bénie angebaki ndani na robe yake nyeupe.

Mambo yalianzia kwa Guelord, binamu ya bibi harusi, fundi wa kompyuta. Alitengeneza ukurasa wa mwaliko wa kufungulia kwenye telefone, wenye picha za matantine wote, na matantine wa familia ile wanajaza basi. Kwa kuogopa vita, aliwapa wote cheo kimoja, na picha zinajipanga kwa cheo. Tantine Agnès alipofungua, akamkuta Martine, mdogo wake, juu kabisa akicheka na meno yote, na yeye mwenyewe yuko chini, karibu na keki.

Sisi wa familia tulimfuata kule Kenya, Martine naye nyuma yetu. Guelord akajieleza: sheria za web, zamani, hazikusema wenye cheo kimoja wapangwe vipi, basi kila kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kilijipangia. Cha telefone ya Tantine, ya zamani, kinachanganya. Vya sasa vinafuata alivyoandika, kwa alfabeti.

"Kumbe telefone yangu ndiyo inanizarau," Tantine akasema.

"Telefone haijui muntu, Tantine."

"Na Martine, ilimujulia wapi?"

Hapo Martine akatoa telefone yake mpya. Kwake Agnès ndiye wa kwanza. Alinyamaza, alisema, kwa ajili ya amani, ingawa saluni nzima ya Kamalondo ilishamsikia akilalamika. Agnès akaipokea, akajikuza kwa vidole viwili, akajitazama sana. Martine naye akaichukua ile ya zamani, akaanza kutabasamu.

Guelord akasema atarekebisha sasa hivi, picha zipangwe sawa kwenye telefone zote.

"Usiguse," matantine wakamwambia, wote wawili pamoja.

Kesho yake Agnès alimtoa Bénie mlangoni, mkono mmoja umemshika, wa pili unaonyesha wageni telefone ya Martine. Ililia njia nzima mpaka kanisani. Wanaume wa Martine ni wengi, na Agnès aliwajibu wote.