Pembe ya Kulia

Ukitaka kujua Lodwar inasikiliza nini, usiende kanisani wala ofisi ya DC. Njoo kwenye kibanda changu. Mimi Atiir ndiye ninayeuza kanda za muziki hapa mjini, na polisi, makatekista na wake za wakubwa wote wanapita kwangu. Kanda mpya ni ghali, kwa hiyo nanunua kuukuu, nyingi zikiwa za mahubiri, nafuta na kurekodi rumba juu yake. Mungu anisamehe, lakini wengi wa wahubiri hao hawakuwa na jipya la kusema.

Kanda hizo huletwa na Ekwam, utingo wa lori la Kakuma. Huzikusanya kambini kwa wakimbizi na kunitupia gunia zima mlangoni kana kwamba ni makaa. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane aliniletea gunia ambalo ndani yake kulikuwa na kanda moja isiyo na karatasi wala jina. Sifuti kanda kabla sijaisikiliza, basi nikaitia kwenye redio.

Ilikuwa fujo tupu. Watu walikuwa wamekaa mahali wakipiga muziki wa kujifurahisha tu. Mmoja alikuwa na rababa, kile kinanda cha nyuzi cha Wasudani, na kwa mlio wake nilijua kimetengenezwa kwa mkebe wa mafuta ya msaada. Mwingine alipiga jerikeni. Glasi ziligongana, na mwanamke alikuwa akifoka kwamba watu washushe miguu yao kwenye benchi lake. Sauti zote zilikuwa nyembamba na za haraka haraka, kama za watu wanaofukuzwa. Isitoshe, kulikuwa na mlevi. Kila mwimbaji akikolea, mlevi huyo alidakia kwa sauti ya mwanambuzi: "Kushoto! Kushoto, wewe!" Nilimlaani. Nilikuwa tayari nimeweka kidole kwenye kitufe cha kurekodi.

Ndipo nikasikia mwimbaji akimtaja Loreng.

Kwetu Waturkana, mwanamume ana maksai wake mmoja anayempenda kuliko wengine wote, na wakati mwingine kuliko mkewe. Humfunga kengele, humpinda pembe tangu akiwa ndama, na humtungia wimbo. Akiuimba huinua mikono juu iwe pembe. Wimbo huo ni wake peke yake, kama meno yake. Mtu mwingine hauimbi mpaka mwenyewe ampe, na wanaopeana ni wachache sana.

Maksai wekundu wako wengi, na Loreng maana yake mwekundu tu. Lakini huyu wa kwenye kanda alikuwa na kengele ya sufuria iliyoibwa jikoni. Duniani kuna maksai mmoja tu mwenye kengele hiyo. Sufuria ilikuwa ya mama yangu, na aliyeiiba na kuikata ili amtengenezee maksai wake kengele ni kaka yangu Lokiru. Mama hakumsamehe hata siku moja.

Lokiru alikufa Novemba, kwenye zile mvua za El Niño. Jina lake maana yake aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ikaja kumchukua. Aliingia mto Turkwel, ambao miezi mingi ya mwaka unauvuka na viatu vikavu, akiwafuata mbuzi wawili wajinga. Mbuzi walitoka. Tulimzika, tukarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hatuna picha yake hata moja. Mbaya zaidi, hatuna sauti yake. Mimi mwenye kibanda kilichojaa sauti za watu nisiowajua, wengine hata lugha yao siielewi, sikuwahi kumwambia kaka yangu akohoe mbele ya redio. Jambo hilo lilikuwa linanila kila nilipofungua duka.

Kwa hiyo nilipolisikia jina la Loreng nilifunga kibanda mbio, mteja akiwa bado ndani, nikaenda Nawoitorong kwa mama na redio kichwani.

Mama alikaa chini, akanyoosha miguu, akasikiliza.

"Si yeye," akasema.

"Mama, sikiliza vizuri. Kanda ni mbovu tu."

"Masikio yangu si mabovu. Anasema nini huyo?"

Jina la maksai lilikuwa kwa Kiturkana, lakini sifa zake mwimbaji alikuwa amezitunga kwa Kiswahili cha kambini. Alikuwa anasema pembe ya kulia ya Loreng imeinama, inamnong'oneza sikioni.

"Ya kulia!" Mama alitema mate pembeni. "Pembe iliyopindwa ni ya kushoto. Mwenye ng'ombe anatembea nyuma yake, kushoto kwa ng'ombe ni kushoto kwake. Huyu amemwona Loreng kutoka mbele, kama mtu anayekuja kuiba. Hata huyo mlevi anayepiga kelele ana akili kumshinda."

"Sasa?"

"Sasa kuna mtu kambini anamwimba ng'ombe wa mwanangu, na mwanangu yuko ardhini hawezi kwenda kumpiga. Utaenda wewe."

Nilikubali, ila si kwa ajili ya kumpiga mtu. Nilijiambia kwamba mahali palipo na wimbo wa Lokiru, huenda ipo kanda nyingine ambayo ameuimba mwenyewe. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Mwizi, mama angejua la kumfanya.

Kesho yake nilipanda lori la Ekwam, nikakalia magunia ya mtama. Ekwam alisema kanda hiyo ilitoka kwenye hoteli ya chai ya mwanamke mmoja Mnuer anayeitwa Nyawal. Hoteli yenyewe nilivyoikuta Kakuma ilikuwa turubai, miti minne, na redio iliyounganishwa na betri ya gari. Nyawal alikuwa mrefu kiasi kwamba alikuwa anainama ndani ya mali yake mwenyewe.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok, dada. Kaa. Lakini miguu weka chini, si kwa benchi."

Nilijua hapo hapo nimefika. Nikamwomba aicheze kanda. Aliposikia sauti yake ikifoka, alicheka mpaka akashika mti wa turubai, na turubai ikatikisika yote.

"Hii ni hapa! Hii ni ile mwaka wa tisini na nne. Iko mimi, iko Thiong na rababa yake. Thiong alienda Australia, rababa akaacha, sasa kuku yangu inalala ndani."

"Na huyu anayeimba?"

"Huyo ni Dau. Anaimba kama mtu amekanyagwa mguu."

"Na mlevi?"

"Mlevi gani? Mimi nauza chai, mama. Wote ilikuwa chai." Alisikiliza tena, akatikisa kichwa. "Hapa watu mingi alikuwa anapiga kelele. Mimi sikuangalia sura, niliangalia miguu. Uliza Dau. Leo ni Jumapili, yuko kanisa."

Kanisa lilikuwa la udongo na halikuwa na madirisha ya kutosha kwa watu wale wote. Nilisimama mlangoni. Kwaya ilikuwa mbele, na mbele ya kwaya alikuwa mwanamume mmoja mwembamba, mweusi wa kung'aa, akiwaongoza huku amewapa mgongo. Walipofika kwenye haleluya, akainua mikono. Kwaya nzima ikainua. Mkono wa kushoto ulisimama wima juu. Mkono wa kulia ulipinda kwenye kiwiko, kiganja kikashuka mpaka karibu na sikio.

Nilishika mlango. Hapo mbele ya madhabahu, wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, kundi zima la Wadinka lilikuwa linamwimbia Bwana kwa pembe za maksai wa kaka yangu. Na zilikuwa kinyume. Waumini walifumba macho, wakaamini ni Roho. Mzee mmoja pembeni yangu aliipinda yake pia, akilia machozi.

Sikungoja sadaka. Alipotoka tu nikamshika shati.

"Wewe ndiye Dau?"

"Ndiyo, dada. Bwana asifiwe."

"Bwana baadaye. Wewe ni mwizi wa ng'ombe."

Nilikosea kusema hivyo. Kakuma, Mturkana akimwambia mkimbizi maneno hayo kwa sauti, watu hawaulizi maana. Vijana wa kwetu waliokuwa wakiuza kuni barabarani walisimama na fimbo zao. Vijana wa kwaya nao wakavua kanzu. Mmoja wetu aliuliza ng'ombe ni wangapi na wamepelekwa wapi. Ikabidi nieleze mbele ya umati huo kwamba ng'ombe mwenyewe yuko kwetu salama anakula, kilichoibwa ni wimbo.

Sikuwahi kuona ugomvi ukikauka namna ile. Vijana wa kuni walitazamana, kisha yule aliyeuliza akasema kwa uzito, "Hiyo ni mbaya kuliko ng'ombe." Wadinka wakakubaliana naye kwa vichwa. Wao pia wana maksai wao wa kuimbiwa. Wote wakageuka kumtazama Dau.

"Ng'ombe gani?" Dau akauliza.

"Loreng."

Uso wake ulifunguka. "Wewe ni dada ya Lokiru! Yuko wapi? Huyu jamaa alisema atarudi kunirekebisha. Mimi nangoja mpaka leo."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha, lakini hilo la kumwambia sikuwa nimelipanga. Nikalisema hivyo hivyo, kwamba mto ulimchukua. Dau akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Baadaye alinieleza. Alipotoka Sudan aliacha maksai wake, Mabior, mweupe kama unga. Askari walimla. Jioni ile kwa Nyawal kila mtu aliimba ng'ombe wake kwa zamu, na zamu yake ilipofika hakuweza.

"Mimi nikifungua mdomo, nalia. Watu wakaangalia chini. Sasa Lokiru alikuwa ameleta mbuzi ya kuuza, amekaa pale anakunywa chai. Akasema, mwanaume bila ng'ombe ya kuimba ataanza kuiba redio. Chukua yangu. Akasimama mbele yangu hivi, akainua mikono, akasema, fuata."

"Alisimama mbele yako? Mkitazamana?"

"Ndiyo."

Nikainua mkono wangu wa kushoto, nikaupinda. Dau, akiwa ananitazama, akainua wa kulia.

Basi ndiyo hivyo. Hakumwona Loreng kutoka mbele hata siku moja. Alimwona Lokiru.

"Halafu alipigia mimi kelele usiku mzima," Dau akasema, akitabasamu na macho yamejaa. "Kushoto, kushoto. Mimi nikafikiri ananitania tu. Iko ndani ya kanda, hukusikia?"

"Yule ni mlevi. Ana sauti ya mwanambuzi."

"Sisi wote tuko na sauti ya mbuzi kwa hiyo kanda. Mawe ya redio yalikuwa yanakufa. Tulikuwa tumeyaanika kwa jua mchana mzima."

Niliona aibu ya kazi. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja kila siku kwamba ukirekodi na mawe, yaani betri, yaliyochoka, kanda inazunguka polepole. Halafu ukiicheza na mawe mazima, mtu anakimbia kama panya. Na kaka yangu sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Nyumbani alikataa kabisa, alisema kinamwasha ulimi.

Dau alinisindikiza mpaka kwenye lori. "Niambie sawa ni upande gani, nirekebishe. Na kwaya pia."

"Ngoja," nikamwambia. "Mama ndiye atakayesema."

Lodwar nilizunguka kwa majirani nikiomba mawe yaliyokufa. Watu walidhani msiba umenipanda kichwani. Nilichagua yale ambayo bado yana pumzi kidogo, nikayatia kwenye redio mbele ya mama, nikabonyeza.

Jerikeni lilianza kwa uvivu. Rababa ikanguruma. Dau akaingia, sauti nzito ya mwanamume mzima, na pembe yake ya kulia. Kisha Lokiru akasema, pale pale, kana kwamba amekaa kwenye ngozi kati yetu: "Kushoto! Kushoto, wewe! Nimekuambia mara ngapi?" Akacheka. Ule ulikuwa mcheko wake wa kuvutia pumzi ndani, aliouchukua kwa baba.

Mama hakulia mara moja. Alisema kwanza, "Kiswahili chake ni kibaya." Ndipo akalia, nami nikalia, tukaiacha iendelee mpaka mawe yakafa kweli na Lokiru akazama katikati ya neno. Nikayatoa, nikayaanika juu ya bati.

Wakati yanapata jua, nilimweleza mama habari yote: Mabior aliyeliwa, kusimama ana kwa ana, kwaya yenye kanzu. Pale pa kwaya alicheka mpaka akafunika mdomo. Nikamwambia Dau anauliza kama ajirekebishe.

Mama aliitazama ile redio isiyo na mawe.

"Ekwam anaenda lini?"

"Kesho."

"Amwambie wimbo ni wake, amepewa. Lakini asijirekebishe. Aimbe kulia hivyo hivyo, na hao watu wake wa kanisa."

"Kwa nini, mama? Si umesema mwenyewe ni kushoto?"

"Akishaimba vizuri," mama akasema, "Lokiru atakuwa anampigia kelele nani?"

Akainuka kwenda kuyageuza mawe upande wa pili.