Faili Moja Limegoma

Mimi ni fundi wa friji. Nyumbani kwetu hilo linatosha: kila kitu chenye waya ni changu, kikiharibika tu. Kikiwa kizima kina wenyewe.

Jumamosi asubuhi Mama aliniita chumbani kwake nisikilize kompyuta. Ilikuwa inagonga: tik, tik, kimya, tik. Nazijua sauti za mashine zinazokata roho.

"Usiizime," nikamwambia. "Ukiizima leo, huenda isiwake tena."

"Na watoto wangu?"

Watoto wake ni elfu mbili mia tatu na kumi na wanne. Mama ni mkunga mstaafu, na kwa miaka sita alikuwa akichapa humo kila mtoto aliyempokea: jina, uzito, saa, na maneno mawili matatu kuhusu mzazi. Madaftari aliyokuwa akiyanakili yameliwa na mchwa. Nakala nyingine hakuna. Nilishamwambia tuiweke, akasema nisimharakishe.

Nikachomeka diski mpya kwenye kompyuta ya sebuleni, nikaanza kuvuta mafaili yake kupitia mtandao wa nyumbani. Picha za harusi zikaja. Maelekezo ya blenda tuliyoitupa zamani yakaja. Faili la watoto likagoma. Limefunguliwa na mtumiaji mwingine, likasema, huruhusiwi.

Nikakagua ruhusa. Zilikuwa sawa, maana nilizitoa mwenyewe: siku ya kuunganisha mtandao kompyuta iliniuliza nani aruhusiwe, nikachagua Kila Mtu ili niwahi mpira. Nikasimamisha kinga ya virusi. Wapi. Nikarudi chumbani.

"Mama, umelifungua?"

"Halifunguki. Leo siku ya kumi na moja."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua limekufa. Sikutaka kuambiwa."

Alisema hivyo huku anakunja shuka. Iliniuma, na mimi nikiumia hukasirika, kwa hiyo nikamwambia shuka lenyewe analikunja vibaya.

Nikafungua orodha ya kompyuta zinazotumia mafaili yake. Ilikuwa na jina moja tu: CHUMBA CHA NYUMA.

Chumba cha nyuma anakaa mama mdogo, aliyemfuata Mama kuzaliwa. Huu ni mwezi wa nane hawasemeshani. Mama mdogo alisema mezani kwamba hakuna atakayesoma majina ya watoto wa watu, Mama akaweka kijiko chini, ikawa basi. Tangu siku hiyo mimi ndiye posta. "Mwambie mama yako naomba chumvi." Chumvi iko katikati yao.

Mama alilisoma jina kwenye kioo, kisha akanitazama mimi.

"Siendi," nikasema. "Posta imefungwa."

Akaenda mwenyewe. Nikamfuata, kwa ajili ya diski, si umbea.

Mama mdogo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, miwani puani. Hakugeuka. Kwenye kioo mstari mmoja ulikuwa umewekwa rangi. Wa kiume. Hakulia. Kilo tatu na robo. Mzazi alikuwa mama mdogo. Mahali pa jina la mtoto palikuwa na jina.

Nina miaka arobaini na moja. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama mdogo alizaa.

"Umeliandika jina lake," mama mdogo akasema.

"Ulinitajia kabla hujajifungua. Nikalishika."

Ile tik, tik ilisikika mpaka huku. Nilitaka kupiga kelele kwamba diski ya Mama haina simile.

"Mdogo wangu, lifunge kidogo ili mwanangu aweze kulinakili. Utalifungua tena."

"Uzito si huo, dada. Alikuwa tatu na nusu."

"Mizani ilisema..."

"Tatu na nusu. Nilimbeba mimi."

Mama akavuta kiti, akaketi. Akafuta robo, akaandika nusu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu mwenye siku nzima. Akahifadhi. Mama mdogo akalifunga faili kwa mkono wake.

Nikakimbilia sebuleni. Likachukua dakika nne kuja, nami nililia zote nne, nimeshika diski mpya isichomoke. Kisha nikaenda kuwaambia limepona. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga.

"Tumesikia," Mama akasema, na hawakufungua.