Maziwa ya Getini

Kabla Madam Valarie hajaletwa, watoto wa shamba letu la maua walikuwa wananyonyea getini. King'ora cha lanchi kikilia, wanawake wa maua wanatoka mbio na ovaroli zao za kijani, na sisi tuliobeba watoto tunawangoja nje kando ya waya. Wengi wa kubeba walikuwa wasichana wa kazi na nyanya za watu. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Kibanda changu cha kutengeneza baiskeli kiko hapo hapo mbele ya geti, barabara ya ziwa, na mke wangu Nangila alisema haina haja kutafuta mtu wa kulea mtoto na baba yake ameketi hapo siku nzima akingoja pancha.

"Mama Joash amefika!" walikuwa wananitania mimi Joash.

"Na wewe toa nyonyo tuone," Kui alikuwa ananiambia. Kui ndiye alifanya kazi meza moja na Nangila, kupanga waridi kwa urefu.

"Ningekuwa nayo ningekusaidia wewe," namjibu. "Hako kasichana kako kananyonya kama trekta inakunywa dizeli."

Wanacheka mpaka Jamleck, soja wa geti, anatoka kwa kibanda chake kuona ni nini. Nangila alikuwa anakaa juu ya kreti, anapanguza titi na leso yenye maji, na Nekoye, mtoto wetu, anaruka kama samaki. Huku anakula githeri kwa mkono mmoja, mtoto naye anakula kwake, na mimi nawafukuzia vumbi na kofia. Hiyo ndiyo ilikuwa lanchi yetu. Hakuna mtu alikuwa ameandika sheria yake.

Halafu Madam akaja kutoka Nairobi kuwa mkubwa wa HR. Tuliambiwa HR ni watu wa kuangalia masilahi ya mfanyikazi. Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini najua mtu wa kuangalia masilahi yangu hawezi kuwa yule anayelipwa na mkubwa wangu.

Wakati huo wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameanza kuuliza kama akina mama wanatunzwa huko maua yanakotoka. Siku moja gari la Madam likatoka getini saa ya lanchi, likapata wanawake wamejaa chini, matiti nje, watoto wanavuta. Akateremsha kioo.

"Akina mama, hii ni nini? Mnanyonyesha kwa vumbi kama mbuzi? Nyinyi ni watu wa heshima. Tutawapatia chumba chenu, kizuri."

Wakampigia makofi. Hata Nangila alipiga. Jioni alikuja nyumbani akinieleza chumba kitakuwa na sofa, pazia, friji, na mashine ya kukamua.

"Kukamua? Kama ng'ombe wa Delamere?"

"Wewe Joash acha ushamba. Wazungu wote wanatumia."

Chumba kilifunguliwa, picha zikapigwa, na siku iliyofuata geti likafungwa saa ya lanchi. Mtoto haruhusiwi ndani kwa sababu ya dawa za kunyunyizia. Mama haruhusiwi nje kwa sababu chumba kipo. Na chumba chenyewe kilikuwa huko kwa maofisi, upande mwingine kabisa wa shamba. Ili uende, supavaiza lazima akuachilie, na ufunguo uko kwa droo ya Madam, na Madam mara nyingi yuko Nairobi kwa mkutano wa mambo ya ustawi wa akina mama. Kui alisema siku moja alifika akapata kumefunguliwa, na ndani ya friji kuna soda za wageni.

Ilikuwa msimu wa Valentine. Mtu ambaye hajaishi Naivasha hajui huo msimu. Maua yanakatwa kama nyasi, meza hazilali, na supavaiza wao, Ndung'u, alikuwa anatembea katikati yao akipiga makofi: "Haraka akina mama, ndege haingojei mtu!" Ukimwomba ruhusa ya kwenda chumbani anauliza kama unataka maua yakungoje au ndege ikungoje.

Lakini maziwa hayaombi ruhusa. Saa ikifika yanakuja. Yanalowesha ovaroli, yanadondoka, na Ndung'u akiona anasema unamwagia kastoma maziwa kwa waridi, anakutoa kwa meza. Ukitolewa kwa meza wakati wa Valentine, kurudi ni ngumu. Hawa wanawake wote ni wa msimu, jina lako likirukwa kwa orodha wiki moja limerukwa kabisa.

Basi wakaanza kujifunga. Sijui ni nani alianza. Wanachukua kipande cha nailoni ya grinhausi, ile iliyochakaa wanayotupa, wanazungusha kifuani, halafu leso juu yake, mwenzako anavuta kwa nguvu zake zote ukiwa umeshika ukuta wa choo. Ovaroli inabaki kavu. Unaingia chumba cha baridi cha kupangia maua hivyo, unasimama hivyo mpaka jioni. Walidhani wamepata dawa. Hata waliambiana kwamba ukikaza vizuri maziwa yanajua yarudi nyuma, yanangoja. Ndung'u alijua. Alikuwa anasema siku hizi meza yangu ni safi.

Mimi nilibaki na Nekoye kibandani. Alikuwa anakataa kijiko. Nilimpa maziwa ya ng'ombe, uji mwepesi, hata nikajaribu kuficha kijiko ndani ya leso ya mamake ili anuse. Anatema. Alilia mpaka sauti ikawa kama mlango unaohitaji mafuta, na mbavu zikaanza kuonekana. Usiku Nangila akifika mtoto ananyonya kwa hasira, na Nangila anauma midomo.

"Hili la kushoto linaniuma sana," aliniambia. Niliangalia kwa taa. Lilikuwa jekundu na gumu kama jiwe, na joto lake unalisikia kabla hujagusa.

"Kesho twende hospitali."

"Na jina langu? Ruhusa ya ugonjwa lazima itoke kwa nesi wa shamba. Nitamwona kesho, nitakanda na maji moto."

Kesho yake nesi alikuwa anapanga hema. Kesho yake tena ilikuwa ndiyo siku yenyewe, Siku ya Ustawi wa Mfanyikazi. Hema nyeupe, muziki, wageni wa ng'ambo, tisheti za manjano. Nesi alikuwa amewekwa mezani kupima wageni presha wakipigwa picha. Nangila alimfuata hapo, akaambiwa apange laini baada ya wageni. Akapanga. Halafu Ndung'u akaja kumtoa kwa laini: Madam anataka wenye watoto wachanga wakae mbele kwa picha. Wakamvalisha tisheti ya manjano juu ya ovaroli na kumwambia atabasamu. Haya yote niliambiwa na Kui.

Mimi nilikuwa nje na mtoto mgongoni nikisikia ngoma ya spika. Nikaona Kui anakuja mbio kwa waya.

"Baba Nekoye! Mke wako anatetemeka. Ameanguka nyuma ya hema, anaongea na mamake aliyekufa!"

Nikakimbia getini.

"Jamleck, fungua."

"Boss, leo siwezi."

"Mke wangu ameanguka huko ndani."

"Nimesikia. Lakini nikifungua leo, kesho wewe ndiye utaniandika kazi? Tumeambiwa hata nzi asiingie bila beji."

"Jamleck, wewe umekula kwangu!"

"Ndiyo nimekula. Na watoto wangu wanakula hapa."

Nilianza kupiga geti kwa spana. Madam mwenyewe akaja, viatu vyake vinazama kwa changarawe, anatabasamu kwa sababu wageni walikuwa nyuma yake.

"Mzee, tafadhali, tuna wageni. Mama anaangaliwa. Programu ikiisha tutampeleka na gari ya kampuni."

"Programu inaisha saa ngapi?"

"Mzee, shusha sauti."

Sikushusha. Niliita jina la mke wangu mpaka mzungu mmoja akageuka kuangalia. Hiyo ndiyo ilisaidia. Baada ya dakika chache Kui akanipungia mkono kutoka mbali nizunguke nyuma. Walimtoa kwa geti la nyuma, lile la kutolea maua yaliyooza, Kui na mwanamke mwingine wakimshika makwapani, ili wageni wasione. Bado alikuwa na tisheti ya manjano. Nikamweka kwa bodaboda katikati yangu na dereva, na Kui akabaki na Nekoye.

Hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo. Alikata ovaroli, akakata leso, na alipofungua ile nailoni harufu ilitufanya sote turudi nyuma.

"Nani amemfunga hivi?"

"Kazi," nikamwambia.

"Kazi gani?"

"Maua."

Akaita wenzake. Walimpasua, usaha ukatoka, wakamwekea dripu mikono yote miwili. Yule msichana alihangaika, siwezi kumlaumu. Lakini alinieleza sumu ilikuwa imeingia kwa damu. Nangila aliamka mara moja tu, akaniuliza kama mtoto amenyonya. Nikamwambia ndiyo. Hakumaliza wiki.

Tulimzika kwao, Bungoma. Niliporudi Naivasha na mtoto, Madam Valarie alikuja kwangu na waridi, zile za gredi ya kwanza ambazo hatujawahi kuruhusiwa kuzigusa. Sikuzipokea. Akaziweka juu ya jiko. Macho yake yalikuwa mekundu, hilo nitasema ukweli.

"Pole sana, Mzee Joash. Mimi pia ni mama."

"Wako ananyonya saa ngapi?"

Akaangalia simu yake, akairudisha mkobani.

"Tumeketi kama menejimenti," akasema. "Tungependa kile chumba kiitwe jina la Nangila. Na ile picha ya tisheti tuiweke ukutani. Amependeza sana."

"Fungueni geti saa ya lanchi."

"Hiyo ni mambo ya sera. Haiko mikononi mwangu."

"Iko kwa mikono ya nani?"

Nimegundua hawa watu kila kitu kizuri ni wao wamefanya, na kibaya hakina mwenyewe. Nikamwambia basi jina la mke wangu asiliguse, na maua yake aondoke nayo. Aliondoka nayo kweli, ameyashika kama mtoto asiye wake.

Kui alikataa kujifunga tena. Alisimama mezani ovaroli imelowa mpaka tumboni, Ndung'u akamwambia atoke, akatoka. Alikuja moja kwa moja kwa kibanda changu, akaketi kwa kreti, Shiru, kasichana kake, titi moja, akanyoosha mkono mwingine.

"Lete huyo."

"Kui, kwenu si mnasema kunyonyesha mtoto wa marehemu ni mkosi..."

"Kwetu tunasema mengi. Lete mtoto, baba Nekoye."

Nekoye alinusa, akageuza uso, akalia, akarudi. Halafu akashika. Nilienda kujifanya natafuta sulushoni ya kubandika pancha, kwa sababu sikutaka Kui aone uso wangu.

"Huyu naye ni trekta," Kui akasema. "Kumbe ulikuwa unasema wangu."

Hivyo tukaendelea. Mtoto akaanza kujaza mashavu. Mimi nilimlisha Kui kadiri nilivyoweza, lakini pancha haziwezi kulisha nyumba mbili, na Kui hana mtu mwingine. Kodi ilipomshinda, mwenye nyumba alimtolea mlango. Aling'oa mlango akaenda nao, na Kui akalala na leso imening'inia hapo.

Halafu shamba likatangaza kuchukua watu tena. Huko ng'ambo kuna siku ya kupelekea akina mama maua, na inakuja nyuma tu ya Valentine. Asubuhi wanawake walijaa getini. Ndung'u alisimama juu ya jiwe.

"Agizo jipya kutoka HR! Anayenyonyesha asipange laini. Ni kwa usalama wenu wenyewe, mnajua yaliyotokea."

Hiyo ndiyo sera waliyopata kutoka kwa kaburi la mke wangu. Wanawake walitazamana. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwa laini. Mmoja karibu na barabara alivuta shali akafunika kifua.

Kui aliniwekea Shiru mkononi. Nekoye alikuwa mgongoni.

"Ukiingia humo," nikamwambia, "huyu wangu atakula nini?"

"Na nisipoingia sote tutakula nini? Nitawanyonyesha usiku, wote wawili. Mungu akipenda."

"Ndung'u anakujua."

"Anajua pia mikono yangu. Hakuna anayepanga waridi kama mimi pale."

Akavuka barabara. Nilimwona akifika mbele, nikasikia Ndung'u: "Wewe Kui, si una katoto?"

"Kako Gilgil kwa cucu, nyanya yake. Kaliacha kunyonya kitambo."

"Una hakika? Sitaki maneno."

"Nina hakika, mkubwa."

Shiru alisikia sauti ya mamake. Alianza kujinyoosha mikononi mwangu, akitafuta, na Nekoye huko mgongoni akaanza naye, kwa sababu sasa huyo alikuwa mama wa wote wawili. Nilihitaji tu kusimama pale pale. Mtoto mmoja angelia, Ndung'u angeinua macho aone, na Kui angerudi kwa kreti yangu, na wangu angenyonya mchana huo na kesho.

Nikageuka. Nilitembea haraka kuelekea ziwani, nimemfunika Shiru na koti, wote wawili wakipiga kelele, na mimi nikikohoa kwa nguvu kuwazidi, mpaka nikasikia geti linafunguliwa na Jamleck akiwaambia waingie mmoja mmoja.